SAFARI YA TANGA NA MAPANGO YA AMBONI

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Temeke)



Kamati imetutaka tusimulie habari za safari yetu ya Tanga, nasi twashukuru kwa heshima hiyo. Walakini twajua ya kuwa si wote waliomo humu chumbani wanaotaka kusikia habari za mapango. Wako wanaotaka kusikia habari za fedha. Tangu tuliporudi yamesemwa maneno mengi maofisini na vibarazani, huku Temeke na kule Kinondoni, kwamba watu wanane wamekula fedha ya chama kwa kwenda kutazama popo, hali wajane wa wanachama wangoja rambirambi zao. Maneno hayo tutayajibu, na hesabu tumekuja nayo. Lakini hesabu isiyo na habari yake haifahamiki. Kwa hiyo tutaanza na njia, kisha tutaingia pangoni, na fedha itakuja mwisho, kama ilivyo desturi katika ripoti zote tuziandikazo.

Wengine wameuliza, kwa nini Tanga? Kama ni kupunga upepo, bahari si ipo Kigamboni? Jawabu letu ni hili. Katika mwaka wa 1922, katika mji ule wa Tanga, ndipo makarani na walimu Waafrika walipounda chama cha kwanza cha watumishi wa Serikali katika nchi hii, na mwanzilishi wake alikuwa Martin Kayamba, karani, mtu wa asili ya Bonde, aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka wa 1891, na kusoma Kiungani katika skuli ya Misheni. Mwaka wa 1931 Kayamba alikwenda London pamoja na Mtemi Makwaia wa Usukuma na Francis Lwamgira wa Bukoba, wakatoa ushahidi mbele ya Kamati ya Bunge juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Aliporudi aliwaandikia wenzake kitabu, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, nacho kikapigwa chapa mwaka wa 1932. Basi, ikiwa karani yule aliona yafaa kuwaeleza wenzake habari za nchi ya mbali namna ile, sisi tuliokwenda kilometa 350 tu hatuna budi kufumbua kinywa. Na tena, chama kisichojua kilikozaliwa ni kama faili lisilo na ukurasa wa kwanza.

Tulikuwa watu wanane pamoja na dereva. Majina hatutayataja, maana baadhi yao wamo humu na wamekwisha kuona haya vya kutosha. Yatosha kusema kwamba wanne walikuwa wa Temeke na wanne wa Kinondoni. Na miongoni mwetu alikuwamo Mzee wetu wa masjala, aliyebakiza mwaka mmoja kufika miaka 60 na kupumzika kazi. Alikuwamo Bwana Hesabu, ambaye unene wake mwaujua. Alikuwamo kijana wa kompyuta. Na mwenzetu mmoja wa Idara ya Ardhi, mpenda picha.

Motakaa tuliyoikodi ilikuwa Toyota Hiace, mali ya mtu wa Tandika, nayo ilitoka Temeke saa kumi na nusu alfajiri. Wenzetu wa Kinondoni tuliwachukua Ubungo, chini ya lile daraja la ghorofa lililofunguliwa mwaka wa 2021 na kupewa jina la Balozi John Kijazi, aliyekuwa Katibu Mkuu Kiongozi. Mzee akasema ni jambo jema mtumishi wa Serikali kupewa daraja, maana wengi wetu hupewa saa ya ukutani. Tukacheka, tukaondoka.

Habari za Kibaha na Mlandizi hazina haja ya kuelezwa kwa watu wanaopita huko kila sikukuu. Chalinze tulifika jua limekwisha kutoka, tukanywa supu, tukaiacha njia ya Morogoro upande wa kushoto, tukashika ya kaskazini. Hapo ndipo nchi inapobadilika. Nyumba zapungua, miti ya miiba yaongezeka, na upepo waingia dirishani wenye harufu ya majani makavu badala ya moshi.

Kuhusu mto Wami twapenda kusema neno. Wale waliosafiri zamani walijua daraja la kale, lililojengwa mwaka wa 1959, jembamba, la kupita gari moja moja, nalo liko chini bondeni, mteremko mkali huku na mteremko mkali huku. Malori mangapi yameteleza pale, na mabasi mangapi, na watu wetu wangapi! Dereva wetu alituonyesha mahali alipokesha usiku kucha miaka ya nyuma, kwa sababu lori lilikuwa limelala njiani kama ng'ombe. Daraja jipya lilifunguliwa mwaka wa 2022, nalo lina urefu wa zaidi ya mita 500, lapita juu kabisa ya bonde, magari yapishana bila kuulizana. Tulisimama upande wa pili, tukalitazama lile la zamani huko chini. Hakuna aliyesema kitu. Kisha mmoja akasema, "Mjomba wangu alikufa hapa," nasi tukarudi garini.

Mbele ya Mkata mashamba ya mkonge huanza, na ukifika Kabuku yamekuwa kama bahari ya mikuki. Wengi wa wasomaji wetu vijana hawajui mmea huu ulivyokuja. Mwaka wa 1893 Mjerumani aitwaye Dokta Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida katika nchi ya Marekani. Njiani ikafa karibu yote, ikafika hai miche 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Katika hiyo 62 ndimo yalimotoka mashamba haya yote, na katika miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Walioukata ni manamba, watu walioletwa kutoka mbali, na tangu mwaka wa 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwakusanya, iliyojulikana kwa jina la SILABU.

Mzee alimwomba dereva asimame. Akashuka, akavuka mtaro, akasimama kwenye mstari wa mkonge na kofia yake mkononi. Baba yake alikuwa namba. Aliletwa kutoka upande wa Songea angali kijana, akakata mkonge miaka mingi, na kipande chake, karatasi ile ya kupigiwa alama kila siku ya kazi hata zitimie siku 30, Mzee anacho hata leo, ameifunika kwa nailoni na kuiweka pamoja na vyeti vyake vya skuli. Shamba alilofanyia kazi baba yake halijui jina. Alijua tu kwamba lilikuwa karibu na Tanga, na kwamba siku za mapumziko manamba walikuwa wakienda kuyatazama mapango. "Alikuwa akitusimulia," Mzee akasema, "kwamba mle ndani mtu husikia moyo wake mwenyewe ukipiga kama ngoma ya jirani." Kwa ajili hiyo, ijapokuwa ana ugonjwa wa pumu, nasi tulimshauri akae nje na dereva, hakukubali. Tulinyamaza. Mtu hawezi kumzuia mwenziwe asiende kutazama alichokitazama baba yake.

Segera tuliiacha njia ya Korogwe na Moshi, tukashika mkono wa kulia. Tukapita Hale, penye mitambo ya umeme wa nguvu za mto Pangani, tukapita Muheza penye machungwa yaliyorundikwa kando ya njia kama kokoto, na milima ya Usambara ikatusindikiza upande wa kushoto. Tanga tuliingia kabla ya adhuhuri. Mji ni safi, barabara zake zimenyooka, na baiskeli ni nyingi. Wenzetu wa huko walitupokea kwa wali wa nazi na samaki, wakatugawa majumbani mwao. Tungeweza kusema mengi juu ya Tanga, reli yake iliyoanza kujengwa mwaka wa 1893, na vita vya Novemba 1914, Waingereza walipoteremsha askari wengi kutoka Bara Hindi wakashindwa na Wajerumani waliokuwa wachache, na nyuki nao wakawashambulia. Lakini muda wetu ni mfupi, na pango latungoja.

Mapango ya Amboni yako kilometa 8 hivi kutoka mjini, katika njia iendayo Horohoro na Mombasa, karibu na kijiji cha Kiomoni, na mto Mkulumuzi wapita chini yake. Yaliangaliwa miaka mingi na Idara ya Mambo ya Kale, na siku hizi yamo mikononi mwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Tulilipa kiingilio, tukapewa stakabadhi, Bwana Hesabu akaikagua, akaridhika, tukapewa mwongozaji, kijana mpole mwenye taa kubwa.

Mawe ya pale ni mawe ya chokaa. Wataalamu husema yana umri wa miaka milioni 150 hivi, na ya kwamba nchi ile zamani ilikuwa chini ya bahari. Maji ya mvua yapitapo katika udongo huchukua hewa ya ukaa, yakapata ukali kidogo sana, kama ndimu iliyozimuliwa katika pipa la maji. Ukali huo hula chokaa polepole, hata ufa ukawa shimo na shimo likawa chumba. Kisha maji yale yale yakidondoka kutoka darini huipoteza ile hewa, huacha chokaa yake kidogo, na tone lijalo huacha kidogo tena. Ndivyo yafanyikavyo yale mawe yaning'iniayo kama mshumaa uliochuruzika, na chini yake huota mengine yapandayo kuyapokea. Mwongozaji alitukataza kuyagusa, maana mafuta ya mkono wa mtu huyaharibu, na kilichovunjwa kwa dakika moja hakitarudi wakati wa wajukuu wetu.

Mlango wa pango ni mpana, nao wapokea mwanga. Ndani kuna ukumbi wenye dari ya juu kama kanisa, na matundu ambayo jua hushuka ndani yake kama kamba. Mwongozaji alituonyesha mawe yaliyofanana na vitu: hapa meli, hapa mamba, hapa kiti cha sebuleni, hapa Mlima Kilimanjaro. Tuliyaona yote. Kijana wa kompyuta alisema yeye haoni mamba, na mwenzetu wa Ardhi akamwambia kwamba mamba hajali.

Hadithi za pango ni nyingi. Wasema linakwenda hata Mombasa. Wasema mbwa aliingia pamoja na Wazungu wawili, Wazungu wasionekane tena, mbwa akatokea Kilimanjaro. Mwaka wa 1994 wataalamu wa Kijerumani na wa Kituruki walipima, wakaona mapango ni kumi, kila moja mbali mbali, na lililo refu kuliko yote halipiti mita 900 hivi. Sisi makarani hatushangai. Twajua barua inavyokua ikipita ofisi nyingi. Habari ya Osale Otango na Paulo Hamisi lakini si ya mbwa. Wao walikuwa watu, na katika miaka ya 1950 walijificha humo wakitafutwa na polisi wa Serikali ya Kiingereza. Wengine huwaita wanyang'anyi, wengine huwaita wapigania uhuru waliowanyang'anya wenye mali ili wawape maskini. Mwongozaji aliyasema yote mawili kwa sauti moja, akatuachia wenyewe.

Kuna mahali pa mizimu. Ni pembe ya giza, chini kuna chupa za marashi, vitambaa, sarafu na majivu ya ubani. Watu huja kuomba watoto, au afya, au kazi. Wengi wetu ni watu wa misheni na wengine ni watu wa chuo, na tulipofika hapo mmoja akaanza kufanya mzaha. Ndipo mwenzetu mwingine, ambaye ametupa ruhusa kusema haya maadamu jina lake halitajwi, akatoa mfukoni chupa ndogo ya marashi. Akasema, "Nimeagizwa." Sote twamjua mkewe, na twajua miaka yao ya ndoa, na twajua nyumba yao ilivyo kimya. Yule mwenye mzaha akavua kofia. Tulisogea mbele kidogo tukamgeuzia migongo, hata alipotufuata. Padre wake akimwuliza, na amwulize. Kwetu sisi ilikuwa ni mtu amechukua agizo, akalifikisha.

Sasa twaja katika lile jambo ambalo mmelisikia nusu nusu.

Kutoka ukumbi mmoja kwenda mwingine kuna njia nyembamba, urefu wake hatua chache tu, ambayo mtu hupita kwa kuinama, na mahali pamoja kwa kutambaa. Mwongozaji alisema wazi: "Mabwana, aliye mnene aweza kurudi kwa njia tuliyojia, nami nitamkuta nje." Bwana Hesabu akauliza kama kuna mnene yeyote miongoni mwetu. Tukaingia. Mbele alikwenda mwongozaji na taa, nyuma yake kijana wa kompyuta, na wenzetu wawili wa Kinondoni. Kisha Bwana Hesabu. Nyuma yake Mzee, kisha sisi, na mwisho mwenzetu wa Ardhi.

Bwana Hesabu alifika katikati, akasimama. Tulisikia anavuta, tukasikia kitu cha chuma kikikwaruza jiwe. Hakwenda mbele, wala hakurudi nyuma. Mwanga wa taa uliokuwa ukitufikia kwa kupita ubavuni mwake ukazibwa. Simu ya mwenzetu wa Ardhi ilikuwa imekwisha nguvu kwa kupiga picha, na tochi ya kukodi tuliyokuwa nayo ilikuwa imefifia, yatoa rangi ya chai tu. Hewa ikawa nzito, na mavumbi aliyoyatimua Bwana Hesabu kwa miguu yalitujia usoni.

Ndipo tukamsikia Mzee. Wenye ndugu wa pumu waijua sauti ile, ya filimbi ndogo iliyo kifuani. Kwanza alikohoa mara mbili, kisha hakukohoa tena, na hilo ndilo lililotutisha. Tukamshika bega, likawa linapanda na kushuka. Tukamwuliza dawa iko wapi. Akasema neno moja, "Mkoba." Na mkoba ulikuwa mgongoni kwa kijana wa kompyuta, aliyekuwa upande wa pili wa Bwana Hesabu.

Tukasema kurudi nyuma. Lakini kurudi kulikuwa ni kutambaa kinyumenyume, na Mzee hakuweza hata kugeuza shingo. Tukapaaza sauti: "Dawa! Dawa ya Mzee, mkobani!" Kule mbele tukasikia wakipekua. Mwongozaji akarudi na taa hata usoni pa Bwana Hesabu. Kati ya bega lake la kushoto na jiwe palikuwa na nafasi ya ngumi moja. Kijana akapitisha mkono hapo na kile kichupa cha kuvutia pumzi. Bwana Hesabu akakipokea kwa vidole, akakisukuma chini kufuata ubavu wake, hata tukakipokea sisi kwa kunyoosha mkono juu ya mgongo wa Mzee. Mzee akavuta mara moja, tukahesabu pamoja naye, akavuta mara ya pili. Muda uliopita hatuujui. Alichosema baba yake ni kweli, moyo ulisikika. Lakini hatukujua ni wa nani.

Hata filimbi ilipopungua, Mzee alikuwa wa kwanza kusema. Akamwambia Bwana Hesabu, polepole, "Mwanangu, nini kimekushika?" Bwana Hesabu akajibu kwamba ni funguo. Alikuwa amezifunga mshipini, fungu zima, za kasha la fedha la ofisi yake, na zimeingia katika ufa wa jiwe pamoja na mshipi.

"Basi zifungue."

"Siwezi kuzifungua, Mzee. Ni za Serikali. Zikianguka humu nitaandika nini?"

Mabwana, msicheke. Yeyote kati yenu aliyewahi kushika funguo za kasha ajua kwamba jibu lile halikuwa la upumbavu. Funguo zikipotea, mtu huandikiwa barua kabla hajaulizwa kama ni mzima. Na kwa nini alikuwa nazo safarini? Kwa sababu ofisini kwake hapakuwa na mtu wa kumkabidhi, naye hakutaka kuziacha katika droo. Ndiyo kazi tunayoifanya, na ndivyo tunavyoifanya, hata siku ya mapumziko, hata chini ya ardhi.

Mzee akasema, "Funguo ni za Serikali, lakini pumzi ni yako, na iliyo nyuma yako ni yangu. Zikabidhi."

Likafanyika kabidhi ambalo hatujaona mfano wake. Bwana Hesabu alitoa pumzi yote, akapeleka mkono mshipini, akaufungua. Mwongozaji akaingiza mkono kwa juu, akazishika funguo, akasema, "Nimepokea." Akampa mwenzetu wa Kinondoni aliyekuwa nyuma yake, naye akasema, "Nimepokea." Zikaenda hata kwa kijana wa kompyuta, akazihesabu kwa sauti ili Bwana Hesabu asikie: "Saba." Bwana Hesabu akasema, "Saba, ndiyo." Ndipo akakubali kuvutwa mikono. Alitoka kama kizibo, na suruali ikafuata baadaye. Mzee alitoka baada yake kwa miguu yake mwenyewe, akaketi juu ya jiwe katika ukumbi wa pili, akavuta dawa tena, akatazama juu kwa muda mrefu. Hatukumwuliza anatazama nini.

Nje tulikuta jua linatua. Mwongozaji akatuambia tusiondoke. Tukakaa majanini, na giza lilipoanza kuingia, popo wakatoka. Hawakutoka mmoja mmoja. Walitoka kama moshi wa treni, maelfu, wakipinda kwa pamoja juu ya vichwa vyetu bila kutugusa. Wale walao wadudu hupiga sauti nyembamba mno ambayo sikio la mtu haliisikii, na mwangwi wake ukiwarudia hujua palipo na jiwe na palipo na mdudu. Bwana Hesabu akasema angependa kupewa sauti hiyo. Funguo alikuwa nazo tena mkononi, hakuzirudisha mshipini hata tulipofika Temeke.

Usiku ule, katika nyumba ya mwenyeji wetu, ndipo yalipozungumzwa mambo yaliyo na maana kwa chama. Wenzetu wa Tanga walituuliza, kwa nini watumishi wa Dar es Salaam wajuana kwa barua tu? Mtu wa Temeke amwandikia mtu wa Kinondoni miaka kumi, "Tafadhali rejea barua yako," wala hajui kama ni mrefu au mfupi. Ni kweli. Wengi wetu tunaoandika habari za mikoa hatujaiona. Twaandika "mkonge" na hatujaugusa. Twaandika "daraja la Wami" na hatujashuka garini. Sisi wanane tulikaa pamoja siku mbili, na leo tukiona jina la mmoja wetu chini ya barua twamkumbuka uso wake, na mwingine twaikumbuka pumzi yake.

Haya, fedha. Kila mtu alitoa shilingi 95,000 kutoka mfukoni mwake, zikawa 760,000. Motakaa na mafuta ni 520,000. Chakula cha njiani, na zawadi ndogo kwa wenyeji wetu, 150,000. Kiingilio cha pango na shukrani kwa mwongozaji 66,000. Machungwa ya Muheza, ambayo baadhi ya wanaolalamika waliyala, 10,000. Jumla 746,000. Zilizobaki 14,000 tumezitia katika mfuko wa faraja, na stakabadhi ya Bwana Mweka Hazina hii hapa. Kutoka katika fedha ya chama hatukuchukua hata senti moja. Kitu cha chama tulichokitumia ni karatasi moja ya barua ya utambulisho, na muhuri.

Walakini hatutaki mlalamikaji aketi akiona aibu, maana hofu yake ni ya haki. Mfuko wa faraja ni kwa ajili ya mauti, na mauti hayangoji. Kwa hiyo hoja tunayoileta, inayoungwa mkono na wanane wote, ni kwamba uwekwe mfuko mwingine, wa hiari, wenye daftari lake na mweka hazina wake, ambao atakaye kusafiri achangie na asiyetaka asiulizwe. Na mfuko wa faraja usiguswe kwa safari yoyote, wala kwa mkopo. Mzee ameomba aandikwe wa kwanza, ijapokuwa mwakani atakuwa amekwisha ondoka kazini, kwa sharti kwamba safari ijayo ikipita Kabuku asimamishiwe gari tena, kwa kuwa amepata jina la mzee mmoja wa huko ambaye huenda akalijua lile shamba.

Bwana Hesabu ameombwa ashike daftari. Amesema atakubali, lakini kasha la mfuko huo liwe la namba, lisiwe la ufunguo. Bwana Katibu ataisoma hoja yenyewe, na majadala yenye stakabadhi yapo mezani kwa mtu yeyote atakaye kuyakagua kabla ya kupiga kura.